Kung'atuka: Neno Lililofika Nusu

Kiswahili hakina uchoyo wa maneno ya kumtoa mtu kwenye kiti. Mwalimu wa shule ya msingi akifikisha miaka 60 anastaafu. Waziri aliyeharibikiwa anajiuzulu, na magazeti ya kesho yake yanasema ameachia ngazi. Mkurugenzi anatumbuliwa mbele ya kamera, neno tulilolizoea tangu Rais Magufuli aanze kutumbua majipu mwishoni mwa 2015. Mwenyekiti wa klabu ya mpira anang'olewa na wanachama. Mfalme anauzuliwa. Kisha liko neno moja ambalo tunalitamka kwa heshima kidogo, kana kwamba limevaa kanzu ya Ijumaa: kung'atuka.

Nimekaa na neno hili mwaka mzima sasa. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu namna madaraka yalivyokabidhiwa Tanzania kati ya 1977 na 1995. Nilipoanza kuandika, msimamizi wangu alinipa zoezi: andika sura ya kwanza bila kutumia neno kung'atuka, uone kama utaweza. Sikuweza. Kila nilipoandika kwamba Mwalimu Nyerere "alistaafu" mwaka 1985, sentensi ilisema uongo mdogo. Nilipoandika kwamba "alijiuzulu", ilisema uongo mkubwa. Nikaona kwamba kabla ya kueleza nani alimwachia nani nchi, sina budi kueleza vitenzi vyenyewe, maana kila kimoja kinabeba hadithi yake kuhusu kuachia.

Tuanze na kustaafu. Neno hili limetoka Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kuomba kusamehewa, kuomba uondolewe jukumu. Mzizi huohuo ndio uliotupa afya. Kwa asili yake, basi, mstaafu ni mtu aliyeomba radhi apumzike. Siku hizi hakuna anayeomba, kalenda inamwombea. Kuna tarehe ya kuzaliwa, kuna barua, kuna kiinua mgongo, kuna safari za kufuatilia mafao. Kustaafu hakumhukumu mtu wala hakumsifu. Ni saa imefika, kengele imelia.

Kujiuzulu ni jambo jingine. Kuuzulu, nalo la Kiarabu, ni kumwondoa mtu, kumtenga na nafasi yake. Zanzibar neno hili lilikuwa na kazi nyingi. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alikaa kwenye kiti cha usultani siku mbili tu, kisha Waingereza wakamwondoa kwa mizinga iliyolia kwa muda usiofika saa moja. Huyo aliuzuliwa. Mwaka 1911 Sultani Ali bin Hamud aliachia usultani akiwa Ulaya, na hakurudi kutawala tena. Alifia Paris mwaka 1918. Huyo alijiuzulu. Tofauti yao kwenye kitenzi ni silabi moja, "ji", lakini silabi hiyo ni nzito. Inamfanya mtu awe mtenda na mtendwa kwa mara moja: kisu kakishika yeye, na shingo ni yake.

Ndiyo maana kwenye siasa zetu neno kujiuzulu lina harufu ya jambo lililokwenda vibaya. Anayejiuzulu anabeba kitu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watu walikuwa wamekamatwa katika operesheni ya vyombo vya dola, wakateswa, na baadhi yao wakafa wakiwa mikononi mwa serikali. Mwinyi hakumgusa hata mmoja wao. Alijiuzulu hata hivyo, kwa sababu wizara ilikuwa yake, na tangu hapo tukio hilo ndilo mfano wa kwanza unaotajwa kila tunapozungumzia kuwajibika. Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, naye alijiuzulu, wakati mvutano kuhusu muundo wa Muungano ulipopamba moto ndani ya chama. Februari 2008 ilikuwa zamu ya Waziri Mkuu Edward Lowassa, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Watu watatu, sababu tatu tofauti kabisa, ila kitenzi kimoja. Katika kila kisa kuna swali lililobaki hewani: alitoka au alitolewa?

Sasa rudi mwaka 1985. Julius Nyerere alikuwa ameongoza nchi tangu uhuru wa Desemba 1961, isipokuwa miezi kadhaa ya mwaka 1962 alipoacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Nchi ilikuwa na hali ngumu. Vita vya Uganda vilikuwa vimemaliza hazina, sabuni na sukari zilikuwa za kupanga foleni, na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yamekwama kwa miaka. Lakini hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumtoa. Chama kilikuwa kimoja, na yeye ndiye mwenyekiti wake. Hakukuwa na mapinduzi wala kashfa yenye jina lake, wala umri wa kustaafu ulioandikwa mahali. Ukomo wa vipindi viwili vya urais ulikuwa umeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 tu, ukiwatazama watakaokuja.

Hapo ndipo Kiswahili kilipopungukiwa. Kuondoka kwa namna hii hakukuwa kustaafu, maana hapakuwa na kalenda. Hakukuwa kujiuzulu, maana hapakuwa na kosa la kubeba. Mwalimu, ambaye alikwisha tafsiri tamthilia mbili za Shakespeare na kujua hasa jinsi ya kulitafutia Kiswahili neno linapokosekana, safari hii hakwenda Kiarabu wala Kiingereza. Alikwenda nyumbani kwao, kwenye Kizanaki, akarudi na kung'atuka. Mwanzoni mwa Novemba 1985 aliwaaga wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, akakabidhi nchi kwa Mwinyi, yuleyule wa 1977, na neno likabaki mdomoni mwa watu.

Lilibaki kwa urahisi kwa sababu lilikuta nyumba imekwisha fagiliwa. Sikio la Mswahili linasikia ndani yake kitenzi ng'ata, yaani kuuma kwa meno. Tena linasikia mwisho wa neno kile kiambishi ambacho kwetu mara nyingi hugeuza kitendo: funga, fungua, kunja, kunjua, tega, tegua, ziba, zibua. Kwa hiyo bila kufundishwa, mtoto wa Tanga au Unguja anaposikia ng'atuka anaona taya zikilegea. Alikuwa ameuma, sasa ameachia. Na kinyume chake kiko jirani, kwenye sauti ileile ya puani: kung'ang'ania. Sijui lugha nyingine ambayo kung'ang'ania madaraka na kung'atuka madarakani vinaanza kwa mdomo kukaa namna moja.

Lakini picha hii ya meno ni ya Kiswahili. Kule neno lilikotoka, picha ni nyingine, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wazanaki ni watu wa mkoa wa Mara, mashariki ya Ziwa Victoria, na kama majirani zao wengi wa eneo lile walijipanga kwa marika. Mtu alizaliwa katika ukoo wake, lakini alikua, akaoa, akazeeka na rika lake. Rika la wazee lilikuwa na dhamana ya jamii: mashauri, matambiko, amani ya nchi. Ulipofika wakati, rika hilo lilikabidhi dhamana kwa rika lililofuata. Kukabidhi huko ndiko kung'atuka.

Tazama nani anayetenda hapo. Hakuna mzee mmoja aliyeamua usiku mmoja kwamba amechoka. Rika zima linatoka, na halitoki kwenda gizani. Linatoka kwa sababu kuna rika jingine limesimama mlangoni, linajulikana kwa jina, limefundwa, linasubiri. Anayebaki nyuma akisema yeye bado ana nguvu hana mahali pa kusimama, kwa kuwa wenzake wote wamehama. Na anayengoja hawezi kuambiwa "subiri zamu yako" bila kuambiwa zamu hiyo ni lini.

Tena kuna jambo ambalo huwa tunalipita haraka tunaposimulia kisa hiki. Nyerere alikuwa mtoto wa mtemi. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki tangu 1915, katika mfumo wa utawala ambao wakoloni waliutegemea, na alifariki 1942 akiwa bado mtemi. Katika nyumba aliyozaliwa Mwalimu, basi, kulikuwa na njia mbili za kukabidhiana uongozi. Moja ya utemi, ambapo mtu mmoja anakaa mpaka kaburi limwite na kiti kinabaki ndani ya familia. Nyingine ya marika, iliyokuwa ya kale zaidi, ambapo watu wengi wanatoka pamoja wakiwa hai. Alipotafuta neno la kuondokea, mtoto wa mtemi aliliacha la utemi akachukua la marika.

Wazanaki hawakuwa peke yao. Waborana na Waoromo wengine, wanaoishi Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, wana mfumo wa gadaa, ambapo rika linashika uongozi kwa miaka minane kisha linakabidhi. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wakikuyu walikuwa na ituika, sherehe kubwa ya kizazi kimoja kukabidhi nchi kwa kizazi kingine, Maina kwa Mwangi na Mwangi kwa Maina. Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, kilichotokana na masomo yake London, na akalalamika kwamba katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliizuia ituika iliyokuwa imefika. Kila nikisoma kurasa zile nawaza yaliyofuata. Mwanafunzi yule aliyeandika kwa uchungu kuhusu kizazi kilichonyimwa zamu yake ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Kenya, na alifia madarakani, Mombasa, Agosti 1978. Kuijua mila ni jambo moja. Kuikubali ikufike wewe ni jambo jingine, na ndiyo maana wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Je, Nyerere alishuka kweli? Swali hili si la utani. Mwaka 1985 aliachia urais, lakini uenyekiti wa CCM alibaki nao mpaka 1990. Katika nchi ya chama kimoja, ambako chama kilikuwa na kauli ya mwisho, hilo si jambo dogo. Mwinyi alikaa Ikulu miaka mitano huku mwenyekiti wake akiwa ni mtu aliyemwachia Ikulu hiyo. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo Nyerere aliyakataa kwa miaka, Mwinyi aliyafikia mwaka 1986. Unaweza kuwaza mwenyewe vikao vya chama vya wakati huo vilikuwa na joto gani.

Ili kupima uzito wa miaka mitano ile, linganisha na Cameroon. Novemba 1982, miaka mitatu kabla ya Nyerere, Ahmadou Ahidjo aliachia urais baada ya kutawala tangu uhuru, akamkabidhi waziri mkuu wake, Paul Biya. Naye, kama Nyerere, alibaki na uenyekiti wa chama. Haukupita mwaka wakagombana. Ahidjo alikimbilia uhamishoni 1983, mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo, na alifariki Dakar mwaka 1989 bila kurudi kwao. Biya, aliyepokea, zaidi ya miaka 40 baadaye alikuwa bado hajamkabidhi mtu. Hatua ya kwanza ilikuwa ileile Dar es Salaam na Yaoundé: funguo za Ikulu kwa mmoja, funguo za chama kwa mwingine. Huku kwetu ilishikilia, kule ikavunjika. Sidhani kwamba tofauti ni neno tu. Lakini nadhani neno lilisaidia, kwa sababu lilimfunga aliyelitamka mbele ya mashahidi.

Kuhusu funguo, niruhusu nitoke Ikulu niende Korogwe. Babu yangu alifanya kazi reli, na alipostaafu alifungua duka la vyakula karibu na stendi. Nilipokuwa kidato cha pili aliita familia akatangaza kwamba duka sasa ni la baba mdogo. Alitoa funguo mbele yetu sote, bibi akapiga kigelegele. Kesho yake asubuhi babu alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka, kama kawaida, na daftari la madeni liko mapajani. Mteja akija, "Shikamoo mzee, mchele bei gani?", babu anajibu kabla baba mdogo hajafungua mdomo.

Mimi na babu tuna utani wetu, ananiita mke wangu, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kusema yale ambayo baba mdogo hakuweza. Nikamwuliza, mume wangu, umetoa duka au umetoa makufuli? Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema: "Mke wangu, duka nimempa. Madeni ni ya watu wa umri wangu. Hawa wananilipa kwa sababu ya uso wangu. Nikimpa daftari leo, atakuwa na karatasi tu."

Wakati ule nililiona jibu la mzee mjanja. Mwaka uliofuata, likizo ya Desemba, nilimkuta babu hayupo kwenye benchi. Bibi akaniambia wametoka, yeye na baba mdogo, tangu wiki iliyopita wanapita nyumba kwa nyumba na lile daftari. Wanaingia, wanapewa maji, babu anasema: huyu ndiye utakayemlipa. Wengine waliposikia hivyo walilipa palepale. Ilipokwisha, babu akaacha kukaa dukani. Akahamia kwenye bao, chini ya mwembe.

Sisemi kwamba babu yangu wa Korogwe na Mwenyekiti wa CCM ni hadithi moja. Wapo wanaong'ang'ania daftari kwa kisingizio cha uso, na uso huo hawauhamishi kamwe. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile naelewa kuwa kuachia kuna nusu mbili. Kuna kutoa, na kuna kumfanya mwingine awe na uwezo wa kupokea. Kutoa kunaweza kufanyika asubuhi moja, kwa funguo na kigelegele. Nusu ya pili inataka miguu.

Na ukiisoma upya miaka ya 1984 na 1985 ukiwa na nusu hii ya pili akilini, inasomeka vingine. Januari 1984 Jumbe, Makamu wa Rais, anaondoka. Aprili 12 mwaka huohuo Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye wengi walimtazama kama mrithi, anafariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Ndani ya miezi minne watu wawili waliokuwa karibu kabisa na kiti hawapo. Mtu aliyetaka kisingizio cha kubaki angekipata hapo, tena kisingizio cha heshima: nchi ina msiba, warithi wameondoka, ngoja kidogo. Nyerere hakukitumia. Mwinyi, aliyeletwa kuongoza Zanzibar baada ya Jumbe, alipitishwa na chama kuwa mgombea pekee, akapigiwa kura Oktoba 1985.

Tunapotaja kung'atuka tunamtaja aliyetoka. Mimi kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyovutwa na aliyepokea. Mwinyi peke yake ni somo zima la vitenzi vya Kiswahili. Mwaka 1977 alijiuzulu. Mwaka 1984 alishika nafasi ya mtu aliyejiuzulu. Mwaka 1985 alipokea kwa mtu aliyeng'atuka. Mwaka 1995, vipindi vyake viwili vilipokwisha, akawa wa kwanza kuondoka Ikulu kwa sababu Katiba imesema, akaitwa rais mstaafu mpaka alipofariki Februari 29, 2024. Kung'atuka kwa 1985 kungebaki tukio la mtu mmoja mwenye moyo wa pekee kama Mwinyi naye asingetoka 1995. Aliyepokea ndiye aliyeligeuza tendo la mtu likawa desturi ya nchi. Benjamin Mkapa akatoka 2005, Jakaya Kikwete akatoka 2015, na hata baadhi ya wabunge walipopaza sauti kutaka muda wa Rais Magufuli uongezwe, Katiba haikuguswa. Hatuimbi sana kuhusu waliopokea. Huenda ni kwa sababu kitenzi tulichonacho hakiwataji.

Kwa maana hiyo nasema neno lilifika nusu. Kizanaki kilikuwa na marika mawili, linalotoka na linaloingia. Kiswahili kilichukua linalotoka, kikalipunguza likawa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja akawa mkubwa sana. Kung'atuka kukawa zawadi ambayo kiongozi mwema anawapa watu wake akipenda.

Kisha neno likaendelea kutembea, kama maneno yafanyavyo. Likavuka mpaka, likaingia redioni na kwenye tovuti za habari, na huko likapata maisha ambayo wazee wa Mara wasingeyatambua. Robert Mugabe alipozingirwa na jeshi lake Harare, Novemba 2017, vichwa vya habari vya Kiswahili vilisema anatakiwa kung'atuka. Jacob Zuma, Februari 2018, vilevile. Waandamanaji wanaimba ang'atuke! Siku hizi utasoma hata kwamba rais fulani "ameng'atuliwa mamlakani", kitenzi kikiwa kimetiwa kauli ya kutendwa, jambo ambalo kwa maana ya 1985 halina mantiki hata kidogo. Kung'atuka kulikuja Kiswahili hasa ili kutaja kuondoka ambako hakuna anayekulazimisha. Miaka 40 haikupita tangu lije na tayari lilikuwa likitaja kuondoka kwa nguvu.

Walimu wangu wawili wa Kiswahili wangesema neno limeharibika. Mimi silii. Watu wanaopaza sauti ang'atuke wanajua wanachokifanya. Wangeweza kusema ajiuzulu, au aondoke. Wanapochagua neno la Mwalimu wanamkumbusha mkubwa kwamba kuna mlango mwingine, mlango wa heshima, na kwamba muda wa kuupita unakwisha. Ni ombi lililovaa sauti ya amri.

Ila hata wao, kama gazeti la 1985, wanamtazama anayetoka tu. Macho yote yako kwenye taya. Ataachia lini? Atalegeza? Hakuna anayegeuka kuangalia mlangoni amesimama nani.

Nina miaka 26. Katiba ya nchi yangu inataka mgombea urais awe na miaka isiyopungua 40, na sina haraka ya urais. Lakini rika langu limekuwa likiambiwa tangu shule ya msingi kwamba vijana ni taifa la kesho, na bado hatujatajiwa kesho hiyo ni siku gani. Siku hizi kuna neno jingine linalopendwa kwenye hotuba, kupokea kijiti, kutoka kwenye mbio za kupokezana. Nalipenda kuliko lile la taifa la kesho kwa sababu moja. Katika mbio zile anayepokea hasubiri amesimama. Huanza kukimbia kabla kijiti hakijamfikia, mkono ukiwa umenyooshwa nyuma, na kwa hatua chache wote wawili wanakishika kwa pamoja. Wakikosea hapo, timu imeshindwa, hata kama kila mmoja wao ana mbio za ajabu.

Hatua zile chache, wote wawili mkono kwenye kijiti, ndizo Kiswahili hakijazipatia kitenzi. Ndicho babu alichokifanya wiki ile na daftari. Ndicho Tanzania ilichokuwa ikikifanya, kwa mashaka na mivutano, kati ya 1985 na 1990. Sura yangu ya kwanza nimeiandika upya, na kung'atuka limo, nimelieleza kurasa mbili. Sura ya pili inamhusu Mwinyi, na inahitaji neno la kupokea lenye uzito uleule. Nimeanza kuwauliza wenzangu wanaotoka Mara, Singida, Marsabit na Murang'a kwao wanasemaje. Kama kwenu lipo, wa kuulizwa ni bibi na babu zako, na waulize mapema.